Usichukue Neno kwa Mdomo Mmoja

(Hotuba kwa darasa la jioni la watu wazima, Kaloleni, Nairobi)

Wazee wetu mlioketi huku mbele, nawasalimu kwanza. Mwalimu, asante kwa kunialika. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu darasani jioni hii, hamjambo?

Niliombwa nizungumze juu ya kujifunza Kiingereza kwa kusoma uchambuzi wa siasa, na nitazungumza. Lakini nina barua hapa. Nimeitunza miaka 12 ndani ya bahasha ileile iliyokuja nayo, na siwezi kuanzia mahali pengine.

Mwanangu wa kwanza alikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimemwombea basari. Majina yalipobandikwa, lake halikuwamo. Baada ya siku chache ikaja barua, Kiingereza kitupu, aya moja. Ilisema kwamba "owing to an oversight" jina la mtoto wangu liliachwa nje, na kwamba nifike ofisini kabla ya tarehe fulani nikiwa na stakabadhi zangu. Maneno mengine niliyabahatisha. Hilo la "oversight" ndilo nililokuwa na hakika nalo kuliko yote. Nilikuwa nikilisikia redioni kila wiki. Diwani huyu anasema kazi yake ni "oversight", mbunge yule anasema amezuiwa kufanya "oversight", maana yake kusimamia, kukagua, kuangalia pesa za umma zinakwenda wapi. Kwa hiyo nikaisoma barua hivi: wakaguzi wamekagua, wamelitoa jina la mtoto wangu, na sasa wananiita na karatasi zangu nikajieleze. Nilidhani nimeshukiwa kudanganya kwenye fomu. Niliogopa, sikwenda. Tarehe ikapita.

Ile barua ilikuwa inaniomba radhi. "Oversight" ina maana ya pili: kupitiwa. Karani alipitiwa, akaruka jina, na ofisi ilitaka kulirudisha. Mwanangu alikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu mama yake alijua nusu ya neno, tena nusu aliyopewa na wanasiasa.

Kuna jambo nitalisema hapa kabla sijaendelea, kwa sababu linaniuma. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na inasema Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, zote mbili. Barua ile ingeandikwa kwa Kiswahili, mtoto angekwenda shule. Mtu asitoke hapa akasema nilikuja kukisifu Kiingereza kuliko lugha yetu. Natamani siku ambayo kila ofisi ya umma itamwandikia mwananchi kwa lugha anayoiota usiku. Lakini mimi na nyinyi tunaishi leo, na leo miswada inaandikwa kwa Kiingereza, hukumu zinasomwa kwa Kiingereza, notisi ya kubomolewa nyumba inabandikwa ukutani kwa Kiingereza. Mambo yanaamuliwa humo. Ni lazima tuingie humo.

Wengi wenu mnanijua kwa magazeti. Nimeuza magazeti kwenye kona moja ya barabara ya Tom Mboya tangu 2003. Yanafika kungali giza, yamefungwa kwa kamba, na kufikia saa kumi na mbili nimeshayatandaza juu ya nailoni na kuyawekea mawe yasipeperuke. Halafu wanakuja wasomaji wangu wa kusimama. Mnawajua. Mtu anashuka matatu, anainamisha kichwa, mikono nyuma, anasoma vichwa vyote vya habari vya siku hiyo bila kugusa karatasi, kisha anakwenda kibaruani. Sijawahi kumfukuza hata mmoja. Gazeti lilipokuwa shilingi 60, ukilinunua umekula chakula chako cha mchana.

Hao ndio walionisomesha, maana waliniuliza maswali. Fundi viatu mmoja aliniuliza kwa nini wabunge wanapiga foleni ya mshahara. Kichwa cha habari kilikuwa na maneno "pay row". "Row" aliyofundishwa yeye shuleni ni mstari, kama mistari ya mahindi shambani. Alikuwa sahihi. Ila neno hilo lina sauti mbili na karatasi haina sauti: ukilitamka "rou" ni mstari, ukilitamka "rau" ni mzozo. Wahariri wanalipenda kwa sababu ni fupi, na nafasi ya kichwa cha habari ni finyu. Ndiyo maana utakutana na "probe" kwa uchunguzi, "axe" kwa kufuta kazi, "nod" kwa idhini, na "grill" kwa kuhoji. Hili la mwisho hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa: waziri amewekwa juu ya jiko, kamati inamgeuza upande huu na upande huu.

Sasa, kwa nini siasa? Kwa nini nisiwaambie msome hadithi za watoto kama wafanyavyo walimu wengine?

Kwa sababu siasa mnaijua tayari. Ukipewa hadithi ya mvulana wa Uingereza na mbwa wake kwenye theluji, unajifunza vitu viwili kwa mara moja, kisa na maneno, na theluji yenyewe hujawahi kuishika. Lakini habari ya bunge umeisikia tangu alfajiri kwenye matatu, umeisikia Idhaa ya Taifa, umebishana juu yake kazini, usiku umeiona kwenye runinga, taarifa ya Nipashe. Unawajua wahusika, unajua nani alihama chama gani na kwa nini. Neno la Kiingereza likija hapo linakuta kiti chake kimeshawekwa. Kazi iliyobaki ni kulikaribisha liketi.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni Kiswahili kwanza. Soma Taifa Leo, kisha soma mambo yaleyale kwenye gazeti la Kiingereza. Usione haya kuanza hivyo. Hata kampuni inayotoa Daily Nation ilianza na gazeti la Kiswahili, Taifa, mwaka 1959, na Daily Nation yenyewe ikaja 1960. Kiswahili kilitangulia.

Na habari tupu haitoshi. Nendeni kwenye kurasa za maoni, kwa wachanganuzi. Mwandishi wa habari anakuambia mswada umepita kwa kura kadhaa, basi. Mchanganuzi anabisha, anajenga hoja, anarudia jambo moja kwa maneno matatu tofauti ili akuingie akilini. Huko kurudia kwake ndiko kamusi yako. Lakini pia huko ndiko kwenye hatari, kwa sababu mchanganuzi ana upande. Kila neno analokupa limepakwa rangi.

Nitawaonyesha kwa jambo ambalo sote tunalikumbuka, na nitalisema kwa heshima, kwa kuwa watoto wa watu walikufa.

Juni 2024, Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya. Tarehe 25, Bunge la Taifa liliupitisha, kura 195 kwa 106, na mchana huohuo waandamanaji wakaingia bungeni. Mimi nilikuwa nimefunga biashara, nimekimbia na magazeti yangu kichwani hadi Muthurwa. Kabla ya siku hiyo vijana walikuwa wamefanya kazi ambayo natamani iandikwe kwenye historia ya elimu ya nchi hii: waliuchukua mswada ule, Kiingereza kizito cha wanasheria, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wakausambaza kwenye simu. Watu ambao hawakuwahi kusoma mswada wowote maishani walijua mkate unaguswa vipi na gari linaguswa vipi. Neno lao la Kiingereza lilikuwa moja, "reject". Kataa. Hawakusema "amend", rekebisha. Hiyo tofauti ya maneno mawili ndiyo iliyokuwa mgogoro wote wa wiki ile, kwa sababu serikali ilikuwa imeshakubali kuondoa baadhi ya vifungu, na vijana wakajibu kwamba hawakuomba hilo.

Usiku wa tarehe 25 Rais William Ruto alihutubia taifa. Aliyaita matukio ya siku ile "treasonous". Hili ni neno zito. Linatoka kwenye "treason", uhaini, na uhaini katika sheria zetu adhabu yake ni kifo. Wapo waliolisikia wakadhani ni namna tu ya kusema "mabaya sana". Ukijua uzito wake, unajua kwa nini wazazi wengi hawakulala.

Siku iliyofuata, tarehe 26, Rais huyohuyo alisimama akasema hatatia sahihi, na akatumia neno "concede". Kukubali kwamba umeshindwa. Ni neno ambalo mgombea husema akimpigia mpinzani wake simu baada ya kura. Kutoka "treasonous" hadi "concede", kwa muda wa siku moja. Hata ungejifunza maneno hayo mawili peke yake mwaka mzima, ungekuwa umejifunza historia ya nchi yako.

Asubuhi zilizofuata nilitandaza magazeti, nikaanza kusoma kurasa za maoni nikiwa na kalamu. Kitendo kilikuwa kimoja, mtu hakutia sahihi. Huyu anaandika "backed down", yule anaandika "U-turn", mwingine anasema Rais "listened". Nililiona jambo ambalo barua yangu ilikuwa imejaribu kunifundisha miaka yote ile. Katika Kiswahili hakuna anayehitaji kutuambia tofauti ya kusema alisikia kilio cha wananchi, alilegeza msimamo, alisalimu amri, na alifyata mkia. Ukinisikia nasema "alifyata mkia" unajua mara moja nimesimama wapi. Wenyeji wa Kiingereza nao wanasikia hivyohivyo. "Listened" ni mtu mwenye hekima. "U-turn" ni dereva aliyegeuza gari katikati ya barabara. "Backed down" ni mtu aliyetishiwa akarudi nyuma. Kamusi itakuambia hayo mawili ya mwisho ni kubadili uamuzi. Kamusi haina sikio.

Na wale waliokuwa barabarani? Kwa mwandishi mmoja walikuwa "protesters", waandamanaji. Kwa mwingine "rioters", wafanya fujo. Kwa mwingine "goons", wahuni wa kukodiwa. Mwana wako ni yuleyule, na bendera aliyobeba ni ileile.

Ndipo nikajiwekea sheria ambayo nimekuja kuwapa: neno la siasa usilichukue kwa mdomo mmoja. Litafute kwenye mdomo wa pili, wa mtu asiyekubaliana na wa kwanza. Likibaki na maana ileile kwa wote wawili, liweke kwenye daftari lako, ni lako sasa. Likibadilika, andika limebadilika vipi na kwa faida ya nani.

Nimalize la mswada kwanza. Rais aliurudisha bungeni kwa Kifungu cha 115 cha Katiba, ambacho kinampa siku 14 atie sahihi au aurudishe akiwa na "reservations". Kijana anayefanya kazi hotelini alikuja kwangu anacheka kwa furaha, kwamba hilo neno analijua, ni kuweka nafasi ya chumba. Ni kweli. Neno ni lilelile: unakizuia chumba kisichukuliwe na mwingine. Na kwenye mswada unazuia sehemu ya kukubali kwako, huitoi yote. Kwa kawaida "reservations" ni kwa kifungu kimoja au viwili. Safari ile Rais alipendekeza vifungu vyote vifutwe. Yaani alikodi hoteli nzima! Kijana yule hatalisahau neno hilo hadi azeeke.

Chukueni lingine, "impeachment". Tarehe 8 Oktoba 2024 Bunge la Taifa lilipiga kura juu ya Naibu Rais Rigathi Gachagua, 281 wakaunga mkono hoja, 44 wakapinga. Kesho yake wasomaji wangu wakauliza: kwa hiyo si naibu rais tena? Gazeti la Kiingereza lilisema "impeached". Gazeti la Kiswahili lilisema amebanduliwa. Lakini mtu alikuwa bado na cheo chake na gari lake. Seneti ilipopiga kura tarehe 17, ikathibitisha mashtaka 5 kati ya 11, ndipo uamuzi wa kumwondoa ukapitishwa, na Kithure Kindiki akaapishwa tarehe 1 Novemba.

Mzee mmoja wa pale bustani ya Jeevanjee, kwenye vikao vya Bunge la Mwananchi, ambako watu wa kawaida hukaa kubishana siasa, alikuwa na swali zuri zaidi. Akasema: Mama, Donald Trump nilimsikia amekuwa "impeached" mwaka 2019, na akabaki Ikulu yao. Akawa tena "impeached" Januari 2021. Huyu anabanduliwa mara ngapi?

Jibu ni kwamba Waingereza na Wamarekani wanaposema "impeach" wanamaanisha kumfungulia mashtaka. Bunge moja linashtaki, jingine linasikiliza na kuamua. Trump alishtakiwa mara mbili, na Seneti yao ikamwachilia mara mbili. Asili ya neno lenyewe iko kwenye Kilatini, "pedica", pingu ya miguu. Aliyefungwa miguu bado yuko uwanjani, hajatolewa. Sisi hapa neno "kubandua" lilikimbia mbele ya kitendo. Ukibandua kitu ukutani, kimeshatoka. Mimi ningependa wanahabari wetu waseme "kumshtaki bungeni" kwa hatua ya kwanza na wakiweke "kubandua" akiba kwa hatua ya mwisho. Nimeshawaandikia wahariri hivyo, na nitaandika tena.

Hapo Jeevanjee, kwa taarifa yenu, ni mahali pa maana kwa mtu wa magazeti. A. M. Jeevanjee aliyeanzisha African Standard kule Mombasa mwaka 1902, gazeti ambalo leo tunaliita The Standard, ndiye aliyeupa mji huu ile bustani. Watu wanakaa kwenye bustani yake wakibishana juu ya yaliyoandikwa katika gazeti lililokuwa lake. Wanabishana kwa Kiswahili, na maneno ya bunge wanayatia kwa Kiingereza. Niliwahi kukuta wawili karibu washikane mashati juu ya neno "table". Mmoja alikuwa anafuata siasa za Marekani kwenye simu, akasema hoja ikiwa "tabled" imewekwa kando, imekufa. Wa pili akasema la, imeletwa mezani, ndiyo kwanza inaanza kujadiliwa. Wote wawili walikuwa sahihi. Kwetu na Uingereza ni kuleta mezani, Marekani ni kuweka kando. Midomo miwili, tena.

Kuna maneno ambayo sisi wenyewe tumeyageuza, na hapo muwe waangalifu mkitoka nje ya nchi au mkiandikia watu wa nje. "Hustler" ni moja. Tangu kampeni za 2022 kila mtu Nairobi anajua ni mtu wa kujitafutia, anayeamka saa kumi usiku. Katika Kiingereza cha wengine ni tapeli, au mtu anayeuza mwili. "Kingpin" ni lingine. Hapa ni kigogo wa siasa wa eneo fulani, na watu wanagombania kuitwa hivyo. Kwingine ukisoma "kingpin" mara nyingi habari ni ya dawa za kulevya. Mimi sioni kosa kwa Wakenya kuyapa maneno hayo maana mpya. Lugha ikikaa kwako inakula chakula chako. Lakini ujue jirani analisikiaje.

Na "whip", kiranja wa chama bungeni. Kwetu tumemtoa shuleni, yule mwanafunzi wa kuandika majina ya wapiga kelele. Waingereza walimtoa kwenye uwindaji wa mbweha: alikuwa mtu mwenye mjeledi wa kuwarudisha mbwa wanaotoka kwenye kundi. Sina la kuongeza hapo.

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo nataka mlishike sana mkienda kwenye uchambuzi, nalo ni "huenda". Magazeti yetu yanaishi juu yake. Huenda mawaziri wakabadilishwa, huenda chama kikavunjika. Kiingereza kina njia nyingi za kusema huenda, na hazilingani uzito. "Might" ni huenda dhaifu, ya mtu asiye na habari. "Could" inasema tu kwamba inawezekana. "Is likely to" ni mtu anayekuambia uwezekano ni mkubwa, nusu ameshaapa. "Is set to" ni kwamba imepangwa, ngoja siku tu. Anayejifunza Kiingereza hukimbilia nomino ndefu, maneno ya kutikisa midomo, akayaruka haya madogo. Nawasihi msiyaruke. Uongo wa siasa haujifichi kwenye maneno marefu. Unajificha kwenye "could" ambayo msomaji ameisoma kama "will". Hali kadhalika "alleged": mtu anadaiwa. Liondoe neno hilo moja kwenye sentensi na umemfunga mtu ambaye hakimu hajamfunga.

Najua kuna walimu hawataki siasa darasani. Wanasema hapa Nairobi tuko makabila yote, mtaleta fujo. Hofu hiyo siidharau. Mwanzoni mwa 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, nilikaa ndani siku nyingi bila kuuza hata gazeti moja, na jirani niliyekuwa nikiazimana naye chumvi tuliogopana. Ndiyo maana katika kikundi chetu cha Jumamosi tuna sharti moja: ukileta kipande cha gazeti kinachomsifu mtu wako, sharti ulete na kingine kinachomkosoa, na ukisome kwa sauti wewe mwenyewe, kwa matamshi mazuri, bila kununa. Mwanzoni watu waliona uchungu. Mama mmoja alisoma aya ya kumpinga kiongozi anayempenda huku mikono inamtetemeka. Alipomaliza aliuliza maana ya maneno manne. Hayo manne anayajua mpaka leo kuliko yote aliyofundishwa.

Daftari langu hili hapa. Mtaona kila ukurasa una neno moja juu. Chini yake sijaandika maana kwanza. Nimeandika nani alilisema, alimsemea nani, siku gani. Upande wa pili, nani mwingine alilisema na alimsemea nani. Maana inakuja mwisho, na mara nyingi inajileta yenyewe. Maneno matano kwa wiki yanatosha. Mtu akiwaambia mia kwa wiki anawauzia kitu.

Mkikwama, kuna vitabu viwili bora kuliko kamusi nyingi za mfukoni. Kimoja ni Katiba, ya Kiswahili na ya Kiingereza, zilazwe pamoja mezani, kifungu kwa kifungu. Kingine ni hansadi, kumbukumbu za bunge, ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma kwenye tovuti ya bunge bila malipo. Humo mtawakuta wabunge wakizungumza Kiingereza na wengine Kiswahili, katika mjadala mmoja, juu ya jambo moja. Kanuni za Kudumu zinasema mbunge akianza kwa lugha moja aimalize hotuba yake kwa lugha hiyohiyo. Kwa hiyo unapata Kiswahili kisafi na Kiingereza kisafi vikijibizana. Nani atakupa darasa kama hilo bure?

Mwanangu, mtaniuliza, ilikuwaje. Alirudi shule muhula uliofuata, akamaliza kidato cha nne akiwa nyuma ya wenzake. Leo ni fundi umeme, ana watoto wawili. Hajawahi kunilaumu kwa ile barua. Ni yeye aliyeniambia niilete hapa jioni hii.

Nimeitoa nakala, nimefunika jina lake na la ofisi. Zipite huku nyuma tafadhali, kila mtu moja. Pamoja nayo mtapata vipande viwili vya gazeti: kimoja ni diwani anayezungumzia kazi yake ya "oversight", kingine ni masahihisho ya mhariri, anaomba radhi kwa "oversight" katika toleo la jana yake. Someni barua kwanza, kisha vipande. Mama uliyeketi karibu na dirisha, wewe mwenye kitambaa cha buluu, tuanze na wewe. Soma kwa sauti, usiharakishe.